Hukumu ya Gemu ya Arobaini na Moja

4 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Natumaini nawe ni mzima, kula unakula na kulala unalala. Namba yako ya simu ninayo, lakini ulinifungia tangu mwaka ule, nami si mtu wa kugonga kila siku mlango uliofungwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Anwani nimepewa na mama mdogo. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi.

Neno lenyewe ni hili. Mwenye nyumba anataka chumba chake. Ikifika mwisho wa Agosti karakana ya Baba itakuwa duka la dawa, nami nahamia kwenye meza moja mbele ya duka la vifaa vya shule. Sina kinyongo. Siku hizi mhuri unachongwa na mashine kwa dakika tatu, na mashine haihitaji chumba, inahitaji soketi. Basi nimeanza kupanga vitu, na jana, chini ya droo ya raba, nimekuta daftari letu.

Lile la jalada la kijani, ambalo Baba alilipigia mhuri wa MAHAKAMA YA GEMU. Nilikaa sakafuni nikasoma mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimesahau tulivyokuwa wakali! Unakumbuka ilivyoanza? Wateja waliosubiri mihuri yao walikuwa wakimpumulia Baba shingoni huku anachonga, mpaka siku moja akaleta TV ndogo na ile mashine ya gemu ili wakapumulie kwingine. CD zilikuja bila majalada, na gemu zote zilikuwa za lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeijua, tukazibatiza wenyewe. Baba naye akatunga sheria: hakuna kuhukumu gemu kabla haijakufunga mara kumi, na hukumu isizidi sentensi tatu, kwa sababu mhuri hauna nafasi ya porojo. Wewe kwanza, kisha mimi, kisha yeye anagonga mmoja kati ya mihuri yake miwili. Mama angekuwa hai, nadhani angetufukuza wote watatu.

Nakunakilia chache. Zisome kwa sauti yako ya wakati ule.

Gemu ya 3, Mzee wa Ngazi. DADA: Ngazi ni nyingi kuliko akili ya aliyezichora. Ukianguka unaanzia chini kabisa, hata kama ulibakiza hatua moja. Gemu ya kumfundisha mtu matusi. MDOGO: Nimeanguka mara hamsini na muziki ukaendelea kufurahi. Sikuupenda moyo huo. BABA: IRUDI ILIKOTOKA.

Gemu ya 9, Magari ya Mvua. DADA: Ukigonga ukuta gari halibonyei, na ukimgonga mwenzio hakuna anayeshuka kugombana. Aliyeitengeneza hajawahi kupanda gari. MDOGO: Napenda wipa. BABA: IMEPITA.

Gemu ya 17, Vyombo vya Anga. DADA: Adui wanakuja wamepanga foleni, mmoja mmoja. Adui gani mwenye adabu hivyo? MDOGO: Bosi wa mwisho ana macho sita lakini ukikaa kwenye kona hakuoni. Nimemwonea huruma. BABA: IMEPITA.

Gemu arobaini zote zina hukumu mbili na mhuri. Ya arobaini na moja ndiyo ile ya shamba. Upande wangu niliandika hivi: "Ng'ombe hapewi njia ya kupita shambani. Hicho si kilimo, ni uchoyo." Upande wako ni mtupu, na pa mhuri ni patupu. Sikuombi kingine, Dada. Nitumie sentensi zako tatu nizinakili, daftari lifungwe kabla chumba hakijafungwa.

Mdogo wako

*

2 Machi

Kwa mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imenifikia. Mimi ni mzima, nashukuru. Bado niko kwenye chumba cha pasi cha hoteli ile ile, mashuka mia mbili kabla ya saa sita mchana. Pole kwa goti. Lifunge kitambaa cha moto, acha kulisifia.

Kuhusu chumba, nimesikia. Chukua unachotaka, kilichobaki gawa.

Kuhusu gemu ya shamba, gemu iliyofutwa haihukumiwi. Nilikwambia siku ile na sijabadilika. Mimi na Baba tulilima shamba lile karibu miaka miwili, tangu mkono wake wa kulia ulipokufa. Vitufe viwili vya kuvunia hakuweza kuvibonyeza kwa pamoja, basi yeye alishika kimoja kwa mkono wa kushoto na mimi nikashika cha pili, bega kwa bega pale kitandani. Wewe ulichojua ni kukaa pembeni na kulalamika kwamba ng'ombe hana njia. Hukuwahi hata kumshikia padi. Halafu siku tatu baada ya kumzika, ukaiwasha mashine ukalifuta shamba lote. Leo unataka sentensi tatu.

Ila jambo moja, kwa ajili ya haki tu. Umenakili hukumu zinazokupendeza ukairuka gemu ya 22, Masumbwi ya Wanyama, na najua kwa nini. Niliandika kwamba Kobe anampiga kila mtu kwa kitufe kimoja, na kwamba anayemchagua Kobe kila siku aangaliwe nyumbani kwao kuna nini. Sijutii hata herufi. Yule mwalimu mkuu alikuja kuchukua mhuri wa shule, akapigwa na Kobe wako mara nane, akaondoka, mhuri akausahau mezani.

Dada yako

*

21 Machi

Dada mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti limepokea kitambaa chako kwa heshima zote. Nashukuru kwa kujibu. Nilipofika kwenye Kobe nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa. Kobe ni mnyama kama wengine, Dada. Kosa lake ni nini kama ana bidii?

Nimeipata pia ya 28, Binti wa Taa, yule anayetembea kwenye nyumba ya giza. Wewe: "Haitishi. Milango yote inalia mlio mmoja, na huyo mzuka anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima." Mimi neno moja tu: "Inatisha." Baba aliipitisha, kisha akanitafuta nyuma ya kabati.

Sasa yale mengine. Miaka tisa nimeyabeba, na siku ile hukunipa nafasi, wala mimi sikuwa na ulimi. Acha karatasi iseme.

Sikuiwasha mashine kucheza. Kadi ya memori yenye shamba ilikuwa imeanza kuchoka, mara mbili mashine ilikataa kuisoma. Ndani yake alikuwemo yule mtu wa kofia ambaye tulimpa jina la Baba. Nikaogopa nitampoteza mara ya pili. Nikasema nitoe nakala kwenye ile kadi yako mpya ya kijivu, ambayo ulikuwa hujaitumia. Menyu mimi siijui kusoma, nawe huijui, lakini Baba alikuwa ameichora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, siku muuza CD alipomwonyesha inavyofanya kazi. Unamjua alivyokuwa akinakili maandishi asiyoyaelewa, mkunjo kwa mkunjo, ndiyo kazi iliyotulea. Vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Chini ya cha kushoto ameandika: Hiki kinatoa nakala. Chini ya cha kulia: Hiki kinaondoa, usikiguse.

Nilibonyeza cha kushoto. Niliangalia ukurasa mara tatu kwanza, kisha nikabonyeza cha kushoto. Mstari wa bluu ulitembea mpaka mwisho, na shamba likatoweka kwenye kadi. Hapo ndipo ulipoingia. Ulichomoa waya ukutani, ukachomoa kadi yako ya kijivu, ukasema maneno ambayo bado ninayo, na Jumatatu ukasafiri. Sijui nilikosea wapi. Ninachojua ni kwamba sikubahatisha.

Nakutumia ukurasa wenyewe, sijatoa nakala. Utazame wewe.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Natumaini u mzima.

Kumbe sasa mwenye kosa ni Baba. Miaka tisa umetafuta wa kumbebesha, ukaona marehemu hatakujibu. Nilidhani umekua.

Usiniandikie tena kuhusu shamba. Ukurasa nimeubakiza kwa sababu una mwandiko wake, si kwa sababu yako.

Dada yako

*

19 Mei

Dada,

Salamu. Mimi mzima, na nakuombea uzima. Hii ni fupi.

Nisamehe kwa ile barua. Sikumlaumu Baba, nililaumu kidole changu, ila maneno yakikaa sana yanatoka yamechacha. Chumba kimebaki na TV, mashine, benchi la wateja na kiti cha Baba. Kila mtu anaitaka TV na hakuna anayetaka benchi. Niambie cha kufanya na mashine. Kama hutaki kuiona tena, nitampa muuza CD, bado yupo, siku hizi anauza vifuniko vya simu.

Jana alipita yule karani wa ushirika, amezeeka, akaniuliza kama bado tuna ule mpira wa vichwa vikubwa. Nikamsomea hukumu yako: "Ukishinda mabao saba hufurahi, ukifungwa moja huli. Kipa anadaka akiwa amelala na anafungwa akiwa macho. Refa haonekani, lakini hilo si geni." Akacheka mpaka akakaa. Amesema nikusalimie.

Mdogo wako

*

11 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Goti je? Mimi sijui niseme sijambo au nina jambo. Kaa chini kwanza, na kama una mteja, mwambie arudi kesho.

Hapa kazini nina mwenzangu mmoja, mama mtu mzima, tunamwita Bibi Pasi kwa sababu yuko hapa tangu kabla hata pasi hazijafika. Lugha ya gemu zetu ndiyo aliyozaliwa nayo. Miaka yote hii tunakunja naye mashuka, yeye ncha hii mimi ncha ile, na sikuwahi kumwambia kitu. Wiki iliyopita nikampa ukurasa wa Baba. Nilitaka aniambie kwamba umedanganya, huo ndio ukweli. Akavaa miwani, akaugeuza, akaniambia: "Mwanangu, haya si maandishi yetu. Yamefanana tu, kama mtu aliyeyaota." Nikaukunja kwa hasira.

Jumatano mchana tulikuwa tumepumzika, mimi nimekaa na mgongo dirishani, yeye mbele yangu na kikombe chake. Nikautoa tena nikauinua kuutazama. Jua likapita kwenye karatasi. Na Bibi Pasi, akiwa upande wa pili, akaanza kusoma. Kwa sauti, bila shida, kama anayesoma bango la duka.

Umeelewa? Mimi nilichelewa kuelewa. Nilimwambia anasoma upande ambao haujaandikwa. Kisha nikajiona mjinga, nikacheka, nikalia, wenzangu wakazima pasi. Mtoto wa mchonga mihuri mzima! Baba alinakili ile menyu kinyume, kama herufi za mhuri zinavyochongwa, kushoto kulia na kulia kushoto, kwa sababu maandishi asiyoyajua mkono wake haukuwahi kuyaandika kwa njia nyingine. Kwetu tulisoma herufi za kinyume kabla ya za shule. Mimi na wewe tulipaswa kujua kwa kutupia jicho tu. Lakini maneno ya Kiswahili ya chini yake aliyaandika sawasawa, nasi tukaamini kila kitu kiko sawasawa.

Kwa hiyo kitufe cha nakala kilikuwa cha kulia. Ulichobonyeza wewe ni kile cha "kuondoa". Nikamuuliza Bibi Pasi, kuondoa maana yake kufuta? Akasoma tena kupitia nyuma, akasema hapana, kufuta hakupo kabisa hapa. Kuhamisha. Kutoka kadi hii kwenda ile.

Kadi ya kijivu, mdogo wangu. Nimekaa nayo miaka tisa kwenye kopo la sindano. Niliichomoa kwenye mashine nikaondoka nayo, nikakutukana, na shamba lote nilikuwa nalo mimi.

Jumamosi nilikwenda kwenye duka la vyombo vya umeme vilivyotumika, nikamwomba muuzaji aniruhusu kuijaribu kadi moja. Mashine ilikuwa kama yetu, ila padi haina ile alama ya meno yako. Wimbo ule wa kuanzia ukapigwa, na mtu wa kofia akatoka nje ya nyumba yake. Nilishika kaunta. Hata jina lake lipo, zile herufi tatu za kigeni alizochagua Baba zisimame badala ya jina lake, tulizoziita kwa umbo Kiti, Lango na Ndoano. Bibi Pasi anasema zikisomwa pamoja ni kama mtu anayekohoa.

Sasa ngoja. Mimi shamba nililiacha siku ya tatu ya kiangazi, naikumbuka kama siku yangu ya kuzaliwa. Nililolikuta liko siku ya kumi na tatu ya vuli. Siku arobaini mbele, maana msimu wa gemu ile ni siku thelathini, majani yamekuwa mekundu, ghala limejaa. Na katikati ya shamba kuna mstari mtupu, kutoka zizini mpaka mtoni, upana wa ng'ombe mmoja.

Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile miezi miwili ya mwisho sikucheza na Baba hata mara moja. Nilikuwa zamu mbili kule kiwandani, tunashona sare. Kila nikiingia alikuwa ananyanyua kidole kuonyesha TV, nami nasema, "Wiki ijayo, Baba." Kila wiki ikawa ijayo, mpaka zikaisha. Ndiyo maana nililia vile kwa ajili ya shamba. Nilikuwa nalilia ahadi.

Baba kwa mkono mmoja asingeweza kuvuna. Nani alimshikia kitufe cha pili? Na kwa nini kando ya nyumba kuna kabichi kumi na mbili zimeiva na hakuna aliyezigusa?

Nijibu haraka.

Dada yako

*

30 Juni

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwenye benchi la wateja. Nimeisoma barua yako hapa, mara nne. Kisha nilienda kwenye ukuta, pale kwenye kioo cha Baba cha kukagulia mihuri, nikajiangalia. Miaka tisa kioo kiko mita mbili kutoka kwenye daftari! Sisi wawili ni watoto wa nani?

Ndiyo, ni mimi. Asubuhi ukishaondoka kwenda kiwandani, nilitakiwa niwe karakanani nachonga. Nilikuwa nafungua mlango wa mbele watu waone tumefungua, kisha narudi ndani, nasogeza TV karibu na kitanda. Mwanzoni nilishika kitufe cha pili tu. Baadaye hata mkono wake wa kushoto ukachoka, nikashika padi yote, naye akawa anaamuru kwa nyusi. Akiinua mara moja, mwagilia. Mara mbili, vuna. Akifumba macho ujue umeharibu. Njia ya ng'ombe niliiomba siku tatu mfululizo, siku ya nne akainua unyusi mmoja tu, wa kulia, ambao hatukuwa tumekubaliana maana yake. Nikaichukua kuwa ndiyo.

Yeye ndiye aliyesema usijue. Kwa ule ulimi wake mzito aliniambia, "Dada yako asijue. Atadhani tumemwacha." Kwa hiyo uliposema pale mlangoni kwamba sikuwahi kumshikia padi, ningejibu nini? Ningesema nilikuwepo, ningekuwa nakwambia wewe hukuwepo. Neno kama hilo likisemwa msibani halifi. Nikaona bora unichukie mimi kuliko ujichukie wewe. Sijui kama nilifanya vizuri. Iliniuma sana, Dada, na bado inauma, na leo nasema.

Kabichi. Ile asubuhi ya mwisho aliyoweza kukaa, ziliiva zote kumi na mbili kwa pamoja. Nikaweka vidole tayari, nikamwangalia, nikisubiri nyusi mara mbili. Hakuinua. Nikauliza, tuvune? Akasema, "Acha. Za dada yako hizo. Wiki ijayo ana nafasi."

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Baba aliukataa msemo huo kwa kabichi kumi na mbili.

Mashine sijaigawa. Na upande wako wa daftari bado ni mtupu.

Mdogo wako

*

20 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo, na goti halijambo? Mimi naendelea vizuri. Barua yako niliisomea stoo ya mashuka, mahali pekee hapa ambapo mtu akilia vitambaa haviishi. Bibi Pasi alikuja akakaa nami bila kuuliza. Amekupa salamu na amesema nikwambie Kobe hata kwao ana sifa mbaya.

Nimekukosea. Sitaandika kwa mapana, maana mhuri hauna nafasi ya porojo, lakini nataka uwe nayo kwa mwandiko wangu: nilikukosea, ulinibebea, nisamehe. Namba yako nimeifungua jana. Usinipigie bado, nitashindwa kusema. Tumalizie hivi hivi kwa kalamu.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nitafika tarehe 10 Agosti, asubuhi. Benchi usimpe mtu, TV usimpe mtu, kiti cha Baba usikisogeze. Kadi ya kijivu iko kwenye kopo la sindano, na kopo liko kwenye mkoba wangu wa mkononi. Mizigo mingine ikipotea na ipotee.

Kabichi sijavuna. Muuzaji wa lile duka alinitazama akasema, "Dada, si zimeiva hizo?" Nikamwambia najua. Vitufe ni viwili, na kimoja ni chako.

Nakili hii kwenye upande wangu, kwa kalamu ya bluu kama zamani.

Gemu ya 41, Shamba. DADA: Polepole mno, kabichi moja siku sita, na hakuna wa kumpiga. Njia ya ng'ombe ni sawa, nilikuwa mchoyo. Imenifunga mara moja tu, bado tisa, kwa hiyo hukumu hii si ya mwisho.

Mhuri wa IMEPITA tafuta uko wapi, usafishe, uutie wino. Ila usiugonge. Nataka niwepo, niusikie ukigonga meza.

Dada yako